Maumivu Yasiyovimba

Mheshimiwa Bwana DC, uliyekuja kutufungulia mlango huu. Mwene wetu, chifu wa nchi hii, pamoja na wazee wa baraza lako. Baba Padri, mkuu wa misheni. Mama Mkuu na masista wote. Bwana Mganga Filemoni Kalinga. Wazee wa kanisa letu la Moraviani, mliokubali leo kukaa katika uwanja wa Wakatoliki na ambao mpaka saa hii hamjapatwa na neno lolote baya. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi wagonjwa mliokaa kule nyuma kwenye mikeka, kwa sababu viti vimekwisha kwa wageni waalikwa: nawasalimu nyote.

Mimi naitwa Tupokigwe, mke wa Jailos, kutoka milimani juu ya Mbalizi. Wengi mnanijua kwa jina la Mama Andende. Hotuba hii alitakiwa aitoe mume wangu, kwa kuwa mgonjwa ni yeye. Alipoambiwa, alisema yeye si msemaji, lakini mke wake ni msemaji, na jambo hilo anaweza kulishuhudia. Kwa hiyo nimesimama mimi. Yeye yupo pale, mstari wa tatu, mwenye koti la kahawia. Msigeuke wote kwa pamoja.

Bwana Mganga ameniomba nisiwasifu sana wakubwa, maana wakubwa watasifiana wenyewe baadaye. Ameniomba niseme na hawa wa kule nyuma, waliosikia kwamba hapa imejengwa nyumba ya kutibu maumivu ya siku nyingi, nao wakaja wakidhani wataingia kwa mlango huu wakiwa wanaumwa, watoke kwa mlango ule wakiwa wazima. Ndugu zangu, mlango ni mmoja tu. Mnaingilia na kutokea papo hapo. Sasa nawaeleza mtakayoyakuta ndani, na njia niliyo nayo ya kuwaeleza ni kusimulia yaliyotupata sisi.

Mume wangu alikuwa mpasuaji mbao. Yeye na kaka yake, Saulo, walikuwa na msumeno mrefu wa watu wawili, Saulo akisimama juu ya gogo na Jailos chini ndani ya shimo, na kila aliyejenga nyumba ya mbao kutoka kwetu hadi Mbeya mjini anaujua msumeno ule. Mwaka wa hamsini na mbili waliitwa kupasua mbao huko Nyololo. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, ardhi ikawa laini, gogo likateleza likambana Jailos kiunoni kwenye ukingo wa shimo. Saulo na wenzake walilisukuma wakamtoa. Alilala hospitali, mfupa ukaunga, akaruhusiwa. Aliporudi nyumbani tulichinja kuku. Tulidhani mambo yamekwisha.

Mfupa ulipona. Maumivu hayakupona. Yalikaa kiunoni, yakashuka kwenye mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, yakawa yanaamka naye na kulala naye, isipokuwa kwamba yeye alikuwa halali. Na hapa ndipo penye shida, ndugu zangu. Kwa sababu ukimtazama, hana kidonda. Hana uvimbe. Hana homa. Mtu mwenye mkono uliovunjika watu humpisha njiani. Je, mtu ambaye haonekani ana nini, watu humfanyia nini? Humtazama. Kisha hutazamana wao kwa wao.

Tulikwenda zahanati, tukapewa vidonge. Vidonge vilipokwisha tulikwenda tena, tukapewa vilevile. Mara ya mwisho dresa, mhudumu wa zahanati, alituona tukiwa bado mlangoni, akaviweka mezani kabla hatujaketi. Tulikwenda kwa mtaalamu mmoja wa kienyeji, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu namwona hapa miongoni mwa wageni waalikwa. Yeye alimchanja kiunoni, akatuambia kwamba adui wa mume wangu anakaa upande wa jua linakochomoza, naye ni mtu wa kuvaa viatu. Upande huo kwetu anakaa mtu mmoja tu, mwalimu wa shule, mtu mpole, tena viatu vyake vilikuwa kwa fundi. Tukarudi nyumbani. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, wakamwombea vizuri, na mmoja wao akamaliza kwa kumwomba Mungu amwondolee ndugu yetu roho ya uvivu.

Jailos alikuwa anasikia. Hakuwa mgonjwa wa masikio.

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu benchi lilimuumiza. Aliacha kupiga tarumbeta. Nyote mnaijua bendi yetu. Yeye ndiye alikuwa mwenye lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini tunaloliita besi, akalirudisha kwa wazee, nao wakampa Abrahamu. Aliacha kuwabeba watoto. Mwisho aliacha hata kukasirika. Alikuwa analala upande wa ukutani, akiutazama ukuta, nami nikimletea chakula, nikimvalisha viatu asubuhi ili apate kutoka nje, nikimvua jioni.

Ndipo Saulo akaitisha kikao cha ukoo. Shemeji yangu Saulo yupo hapa pia, nami nimemwomba ruhusa niseme haya, akanijibu niseme tu, kila mtu aliyekuwako alikwisha yasikia. Siku ile Saulo alisema kwamba maumivu yasiyovimba ni uvivu uliokosa jina. Alisema yeye ndiye aliyelisukuma gogo lile, anajua uzito wake, na mtu aliyetoka chini yake akiwa hai hana la kulalamikia. Alitaka watoto wangu wahamie kwake, nami niwafuate kusaidia mashamba yake, mpaka mdogo wake atakapoamua kusimama. Wazee waliona shauri hilo ni jema. Jailos alirudi kuutazama ukuta wake.

Asubuhi, nilipokuwa nimepiga magoti namvalisha kiatu, ndipo aliposema. Aliniambia niende kwetu Rungwe, kwa baba yangu. Alisema hatakosekana kijana wa umri wangu anayeweza kunioa, mwanamume mzima, na kwamba yeye hatadai chochote.

Ndugu wageni waalikwa, mtu anajibu nini hapo? Ningeweza kulia, lakini kiatu kilikuwa kimefika nusu. Nikamwambia viazi havijachimbwa bado. Nikamwambia siwezi kuolewa huku viazi vimo ardhini, nitaolewa vikishatoka. Akafikiri, akakubali. Na vilipotoka viazi nikapanda vingine.

Lakini nilikuwa nimeogopa, nawaambieni kweli. Mtu akishaanza kugawa mke wake, atabakiwa na nini cha kugawa? Nilijua ni nini, na kuanzia siku ile nilificha kamba za kufungia ng'ombe, nikamwambia zimeliwa na panya.

Wakati huo ndipo tuliposikia habari za Bwana Mganga aliyetoka Iringa, ambaye kila Alhamisi alikuwa akikaa kwenye ukumbi wa nje wa hospitali hii kuwaona watu wenye maumivu ya zamani, yale ambayo wenzake walikwisha choka kuyasikia. Hapakuwa na nyumba hii. Palikuwa na ukumbi, benchi na pazia. Tulipanda lori la mahindi, Jailos amelala juu ya magunia, tukaja.

Jambo la kwanza mtakalolikuta hapa ni kungoja. Benchi lilikuwa limejaa watu wa viuno, watu wa magoti, mama mmoja aliyeumwa kichwa tangu alipomzaa mtoto wake wa mwisho, na mtoto mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, amekwisha ota ndevu. Jambo la pili ni kwamba hamtapewa dawa siku hiyo. Mtaulizwa. Bwana Mganga Kalinga alimuuliza mume wangu maswali mpaka nikadhani tumekosea njia tukaingia mahakamani. Yanauma wapi, yanatembea kwenda wapi, yanazidi wakati gani. Unalala namna gani. Unakaa na nani. Nani anakuamini. Kisha akanigeukia akaniuliza mimi yaleyale, na majibu yetu hayakulingana, naye hakuona ajabu.

Akamlaza, akamgusa mgongo kidogo kidogo, akauinua mguu, akaushusha. Akamtazama makovu ya chale za mtaalamu asiulize. Akamketisha. Akasema, "Mzee Jailos, maumivu haya ni ya kweli. Hujayabuni."

Jailos akamwomba ayarudie maneno hayo. Bwana Mganga akayarudia. Jailos akamwomba aniambie na mimi. Bwana Mganga akanigeukia, akaniambia, "Mama, mumeo anaumwa kweli." Nikaitika. Jailos akauliza kama haiwezekani kumwita na Saulo.

Mkitaka kujua kama alilia, alilia. Na sijui kwa nini nimelisema, maana ndilo neno moja alilonikataza.

Lakini msiondoke na furaha hiyo, maana kilichofuata ni kibaya. Jailos alipojifuta uso aliuliza sasa dawa yake ni ipi. Bwana Mganga akamwambia hana dawa ya kuyaondoa yote. Akasema atamfundisha kuishi, na yatapungua, lakini hatamdanganya kwamba yatakwisha. Halafu akamuuliza, "Kuna kitu gani unachotaka kukifanya, ambacho maumivu yamekunyima?"

Mume wangu alichukua fimbo yake, akainuka, akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa akisema njia nzima kwamba tumesafiri juu ya magunia kuja kuambiwa hatapona, neno ambalo angeweza kuambiwa na Saulo hapohapo nyumbani. Alikwenda kwa hasira mpaka barabara kuu, bila kusimama hata mara moja. Nami nikaona kwamba tangu Nyololo hakuwahi kwenda umbali ule kwa miguu yake. Sikumwambia. Hasira ilikuwa inamsaidia, nami sikutaka kuikatiza.

Akarudi kwenye ukuta wake. Zikapita wiki kadhaa. Sasa, nyumba yetu iko chini ya kanisa, na Jumamosi mchana bendi hufanya mazoezi. Jumamosi moja tulikuwa tumekaa, mimi nachambua maharage, yeye amelala, na Abrahamu akaanza kupiga besi. Ndugu yetu Abrahamu ni Mkristo mwema, na ni mkulima hodari wa pareto. Sauti aliyoitoa ilikuwa ya ng'ombe aliyekwama matopeni. Jailos alisikiliza ubeti mmoja. Akasikiliza wa pili. Kwenye wa tatu aliugeuzia ukuta mgongo, akasema, "Yule bwana aliniuliza nataka nini, nami sikumjibu. Nataka kulishika lile besi."

Nikaacha maharage. Alhamisi tulikuwa juu ya magunia.

Nilikuwa naogopa Bwana Mganga atacheka. Nilidhani mtu hujibu kwamba anataka kulima, anataka kulea watoto, maneno ya namna hiyo, yanayofaa kusemwa mbele ya sista. Bwana Mganga hakucheka. Aliuliza besi lina uzito gani, na hupigwa mtu amesimama au ameketi, na wimbo mmoja huchukua muda gani. Kisha akasema vema, tumepata kazi. Akaomba besi liletwe hospitali. Hapo kidogo tukwame, kwa maana wazee wetu walikutana, wakajadiliana kwa uangalifu mkubwa, wakaona kwamba chombo cha kanisa la Moraviani hakiwezi kulazwa hospitali ya Wakatoliki. Siwalaumu. Sista Severina, huyu aliyekaa kando ya mlango, mtu mfupi msiyeweza kumwona, aliposikia hivyo alikwenda jikoni akaleta debe. Akatia maji kidogo chini, akampa Jailos alipakate. Akasema debe halina dhehebu.

Basi ndivyo alivyoanza kutibiwa. Tulipewa kibanda kule nyuma ya hospitali tukakaa hapa majuma mengi, watoto wakiwa kwa mama yangu. Asubuhi Sista alimkanda kiuno kwa vitambaa vya maji moto. Kisha alimlaza mkekani akamfundisha kuinua miguu, kugeuka, kunyooka, mambo ambayo mtoto mchanga huyafanya bila kulipwa sifa yoyote. Kisha kutembea. Kisha debe. Vidonge vilikuwepo, vichache, navyo vilitolewa kwa kengele. Kengele ikilia, unameza, hata kama huumwi. Ikiwa haijalia, humezi, hata ukimwimbia Sista zaburi nzima. Bwana Mganga alisema mtu akimeza kila anapoumwa, siku yake yote huwa ni kuyasikiliza maumivu yanakuja lini. Nasi tulikuwa tunaishi hivyo hasa.

Na alifundishwa kupumzika kabla ya kuumwa. Hili mtaliona gumu kuliko yote. Siku moja aliamka mwepesi, maumivu yamekaa mbali, akachukua jembe la hospitali akalima bustani yote ya masista mpaka mwisho. Masista walifurahi sana. Kesho yake hakuweza kugeuka kitandani, wala keshokutwa. Bwana Mganga alikuja akasimama mlangoni, akamwambia, "Siku mbaya tunajua kuikaa. Siku nzuri ndiyo ya kuiogopa." Akaondoka. Hakumpa pole. Mume wangu alisema yule mtu hana moyo, kisha akafuata alivyoambiwa.

Nanyi mnaowasindikiza wagonjwa, msidhani mmekuja kushika mizigo tu. Mimi nilijiona sina kosa hata moja. Mwanamke gani amemtunza mumewe kama mimi? Bwana Mganga aliniita pembeni.

"Mama Andende," akasema, "nani anamvalisha viatu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Hawezi kuinama."

"Leo asubuhi umemwona ameshindwa?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemvalisha kabla hajajaribu. Nikamjibu kwamba mimi ni mke, si mtazamaji. Akaniambia kwa upole kwamba kuanzia kesho niwe mtazamaji. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa uchungu, kwa maana katika miaka ile viatu vile ndivyo vilivyokuwa ndoa yangu. Ni wakati huo tu alikuwa karibu nami, mkono wake begani mwangu asianguke. Kesho yake nilikaa juu ya kinu nikamtazama. Alijaribu, akasimama, akajaribu, akatukana kwa Kinyakyusa, akanitazama nimsaidie. Nikatazama paa. Siku ile hakuvaa, alikwenda kwenye mazoezi pekupeku. Siku kadhaa baadaye alivaa kimoja. Alipovaa vyote viwili alipita akaniwekea mkono begani, naye hakuwa anaanguka.

Saulo aliitwa. Mume wangu hakuwa amesahau, na Bwana Mganga naye hakusahau. Shemeji alikuja akaketi, akaambiwa maneno yaleyale, kwamba mdogo wake anaumwa kweli. Saulo ni mtu wa kupima mambo. Aliuliza, kama ni kweli, kwa nini hayavimbi? Bwana Mganga akamweleza kwamba mwilini mna mishipa inayopeleka habari za hatari, kama mlinzi wa stoo. Mlinzi huyu aliibiwa mara moja, vibaya sana, siku ya gogo. Tangu hapo hata panya akipita anapiga kelele kijiji kizima kiamke. Mwizi hayupo, lakini kelele ni za kweli, na mwenye nyumba halali.

Saulo akafikiri. Akasema, "Basi mfukuzeni mlinzi."

"Hafukuziki," akasema Bwana Mganga. "Anazoezwa."

Shemeji alisema kwamba siku ile ya Nyololo yeye ndiye aliyesimama juu ya gogo, na mara nyingi akilala huliona likiteleza. Kisha akavaa kofia yake akaenda kungoja lori. Jumapili iliyofuata alituletea misumeno yake yote, akamwomba Jailos awe anainoa, kwa kuwa kunoa mtu huweza kukaa, kusimama na kupumzika apendavyo. Hakuomba radhi kwa mdomo. Ilikuwa misumeno mingi.

Pasaka ya mwaka juzi Jailos alirudishiwa besi. Abrahamu alilitoa kwa moyo wote, na washarika wakamshukuru Abrahamu kwa moyo wote. Wenzake walisimama, yeye akakaa kwenye kiti, akapiga nyimbo mbili. Wimbo wa tatu na wa nne alipumzika, kama alivyofundishwa. Wazee walikuja nyumbani jioni wakasema mbele ya kanisa si vizuri mtu mmoja akae wakati bendi imesimama. Akawajibu kwamba ana ruhusa ya daktari, na kwamba wakitaka wanaweza kumrudishia Abrahamu. Hawakulizungumza tena.

Sasa mtauliza, je, amepona? Mheshimiwa Bwana DC, umesikia leo kwa wasemaji walionitangulia kwamba katika nyumba hii viwete watatembea. Nashukuru kwa mabati ambayo serikali imetoa, na kwa misumari ambayo Mwene ameitoa baada ya mabati kuja peke yake. Lakini mume wangu hajapona. Yuko pale mstari wa tatu na anaumwa sasa hivi, nimemwona amebadili mkao mara nyingi tangu nianze kusema. Nami sitawadanganya wale wa kule nyuma ili wale wa mbele wapige makofi.

Nitawaeleza jambo moja tu la mwisho, la mvua zilizopita. Baridi ilikuwa kali, ukungu haukuondoka, na maumivu yakamrudia Jailos kama yalivyokuwa zamani. Alilala, akageukia ukuta. Nilimwona amegeukia ukuta nikahisi miaka yote inarudi ndani ya nyumba na kuketi. Nikaenda kutazama zilipo kamba za ng'ombe. Niliporudi hakuwepo kitandani. Nilimtafuta nyuma ya nyumba, nikamtafuta kwenye zizi, nikaita, nami siwezi kuwaeleza nilikuwa naita kwa sauti gani. Mke wa Saulo ndiye aliyeniambia amemwona barabarani anapanda lori. Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amekuja huku peke yake.

Yaliyotokea huku nimeyapata kwa Sista Severina, maana yeye mwenyewe hasemi. Benchini alikuwako mwanamke mmoja kutoka Rujewa, jina lake Atuganile, mkulima wa mpunga, aliyeumwa mgongo na mabega kwa miaka mingi, na ambaye nyumbani kwake walikwisha mwambia kwamba anaogopa maji ya majaruba. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Alikuwa ameulizwa maswali yote, ameaminiwa, amelia, kisha ameambiwa kwamba hakuna dawa ya kuyaondoa yote. Akafunga kanga yake, akachukua kikapu, akainuka aende zake. Bwana Mganga alimsemesha, hakusikia. Sista alimsemesha, hakusikia. Alipofika mwisho wa benchi alimkuta mume wangu amekaa amejiinamia, uso umekunjamana kwa maumivu, jasho linamtoka na baridi ile. Akasimama akamuuliza, "Wewe baba, umekuja hapa tangu lini?"

Jailos akamwambia tangu mwaka wa hamsini na tano.

"Na bado unaumwa?"

"Bado naumwa," akasema. "Kaa."

Akasogea, akampa nafasi benchini. Sista anasema yule mama alisimama muda mrefu na kikapu chake kichwani, akimtazama mtu ambaye hakumwahidi kitu. Kisha akakishusha.

Mama Atuganile yupo hapa leo. Anakaa kwenye kile kibanda chetu cha zamani. Bado anaumwa. Mwaka huu amepanda mpunga, jaruba moja dogo, kwa mikono yake, akipumzika kabla ya kuchoka, na majirani wanapita wanacheka. Mpunga umeota.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kule nyuma, hili ndilo neno nililotumwa kuwaletea. Mtangoja. Mtaulizwa mengi. Mtaaminiwa, na kuaminiwa huko kutawauma kidogo, kwa kuwa hamkukuzoea. Kisha mtaambiwa ukweli, nanyi mtataka kuondoka. Bwana Mganga Kalinga, Sista Severina, nawashukuru kwa ukweli huo kuliko ninavyowashukuru kwa vitambaa vya moto. Mlango utafunguliwa sasa hivi, na ndani kuna mabenchi mapya, marefu kuliko lile la zamani. Tunaumwa bado. Kaeni.

Nawashukuruni wakubwa kwa wadogo, mlioketi vitini na mlioketi mikekani, kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka hapa.